Umefuta Barua Pepe: Je, Imefutika Kweli? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akichana barua ya karatasi na kuichoma, mambo yamekwisha. Barua pepe haina tabia hiyo. Ukibonyeza kitufe cha kufuta, unamwomba mtoa huduma wako aiondoe. Ataiondoa, lakini kwa ratiba yake, na ombi lako halimfikii mtu mwingine yeyote mwenye nakala. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa mara nyingi na watu waliofuta kitu halafu wakakosa usingizi. Wengi wao waliihofia nakala isiyo na madhara makubwa wakaisahau ile iliyoweza kuwaumiza, ndiyo maana baadhi ya majibu yamekwenda mbali kuliko swali lenyewe.

Nikifuta ujumbe, unakwenda wapi?

Haujaenda mbali. Umehamishwa tu kutoka kwenye Kikasha hadi kwenye Tupio, na humo hukaa siku kadhaa kabla mfumo haujauondoa wenyewe. Gmail huuweka siku 30, na Outlook.com vilevile siku 30. Katika siku zote hizo, yeyote aliyeshika simu yako ikiwa wazi, au anayejua nenosiri lako, anaweza kulifungua Tupio na kusoma kila kitu pamoja na viambatisho. Ukitaka ujumbe uondoke leo, ingia kwenye Tupio uufute tena humo.

Nimezoea kutelezesha kidole kwenye simu na barua inatoweka. Hiyo si kufuta?

Mara nyingi siyo. Kwenye programu ya Gmail ya simu za Android, usipobadilisha mipangilio, kutelezesha kidole huiweka barua kwenye kumbukumbu. Inatoka Kikashani, lakini inabaki ndani ya akaunti bila kikomo, na ukiitafuta kwa neno moja tu inajitokeza. Tabia hii ina historia. Gmail ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 ilitoa nafasi ya gigabaiti 1, kiasi ambacho wakati huo kilionekana kikubwa mno kwa huduma ya bure, na mvuto wake mkubwa ulikuwa kwamba huna haja tena ya kufuta chochote. Kizazi kizima kilifundishwa kuhifadhi. Nimekutana na watu walioamini wamefuta barua za miaka kumi, na nilipowaonyesha folda ya barua zote walinyamaza kwanza kabla ya kusema neno.

Nikishalisafisha Tupio, je, mtoa huduma bado ana nakala?

Ndiyo, kwa muda. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote.

Barua yako haikai kwenye mashine moja. Watoa huduma wakubwa huiandika kwenye seva kadhaa, mara nyingi katika vituo vya data vilivyo mbalimbali, ili mashine moja ikiungua barua isipotee. Ukifuta, mfumo kwanza huitia barua alama ya kufutwa na kuacha kukuonyesha. Baadaye kazi ya usafishaji hupita na kuiondoa kwenye seva zinazotumika kila siku. Mwisho kabisa zinabaki nakala rudufu, zile zinazowekwa pembeni kwa ajili ya maafa, nazo hufuata mzunguko wao.

Google imeeleza ratiba yake waziwazi: kuondoa data kwenye mifumo inayotumika huchukua kwa kawaida miezi 2 hivi tangu ulipofuta, ukihesabu na kile kipindi cha hadi mwezi mmoja ambacho unaweza kubadili mawazo, na kwenye nakala rudufu data inaweza kubaki hadi miezi 6. Outlook.com ina sehemu ya kurejesha vitu vilivyokwisha kuondolewa hata kwenye folda ya vilivyofutwa, na unapewa siku 30 za kufanya hivyo. Kitufe hicho cha kurejesha ni ushahidi tosha: kitu kisichokuwepo hakirejeshwi.

Kwa nini wasiitafute barua yangu moja kwenye nakala rudufu wakaichomoa? Kwa sababu nakala rudufu hufungwa kama shehena moja yenye data za watu wengi mno, na thamani yake iko katika kutoguswa. Kuifungua shehena kila mtu anapofuta barua kungeharibu kinga iliyokusudiwa. Hivyo wanasubiri muda wake uishe iandikwe juu yake, au wanaharibu ufunguo wa siri uliotumika kuifunga, na data iliyobaki inakuwa herufi zisizosomeka na mtu yeyote.

Tukio moja linaonyesha jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mwishoni mwa Februari 2011, hitilafu katika programu iliwafanya watumiaji wachache wa Gmail, ambao Google iliwakadiria kuwa asilimia 0.02, wafungue akaunti zao na kuzikuta tupu. Hitilafu ilikuwa imeziathiri nakala kadhaa zilizokuwa kwenye seva. Barua zao zilirudi kwa sababu kulikuwa na nakala nyingine kwenye kanda za sumaku, zisizounganishwa na mtandao, ambazo hitilafu haikuweza kuzifikia. Waliopotewa na barua walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kanda hizohizo huenda zilikuwa pia na barua ambazo wengine walikuwa wamezifuta siku chache kabla. Kinga dhidi ya ajali na ucheleweshaji wa kufuta ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili.

Kwa hiyo kuna mtu anaweza kuichimbua barua niliyoifuta miaka mitatu iliyopita?

Kutoka kwa mtoa huduma mkubwa anayefuata ratiba aliyoitangaza, hapana. Na hapa nina onyo ninalolitoa kwa msisitizo. Wapo wanaojitangaza kwamba wanaweza kurejesha barua za zamani ukiwalipa na kuwapa nenosiri lako. Usiwape. Muda wa kurejesha ukishapita, hata wahudumu wa kampuni yenyewe hawana kitufe cha kukusaidia, na anayekuahidi kinyume chake anaitaka akaunti yako, hana habari na barua zako.

Kwa nini wasifute papo hapo tu, wakanipa uhuru wangu?

Kwa sababu mwizi naye hufuta. Mtu akikuibia akaunti, kazi yake ya kwanza mara nyingi ni kuondoa barua za tahadhari ambazo benki au huduma nyingine zimekutumia, ili usishtuke. Siku 30 za Tupio zimewaokoa watu wengi kuliko zilivyowaumiza. Mimi nisingetaka ziondolewe. Ningetaka tu mtumiaji aambiwe wazi kwamba zipo.

Nimefuta kwangu. Kwa niliyemtumia je?

Kwake haijaguswa. Taratibu za kupokezana barua pepe ambazo bado tunazitumia kwa msingi wake ziliandikwa mwaka 1982, na ndani yake hakuna amri ya kumwambia mpokeaji aache kuwa na barua. Seva yako hukabidhi nakala kwa seva yake, na tangu hapo ni zake.

Ihesabu barua moja ya kawaida. Ipo kwenye folda yako ya zilizotumwa. Ipo kwenye simu yako na kwenye kompyuta yako. Ipo kwa mtoa huduma wa mpokeaji, kwenye simu yake na kompyuta yake. Kama alikujibu bila kufuta maneno yako chini ya jibu lake, ipo tena ndani ya jibu hilo, kwake na kwako. Kama alimpelekea mtu wa tatu, hesabu inaanza upya. Wewe umefuta moja kati ya nakala nane au kumi.

Lakini kuna kitufe cha kuirudisha barua niliyokwisha kuituma?

Kwenye Gmail, kutengua ni kuchelewesha tu. Huduma inaishika barua yako kwa sekunde 5, 10, 20 au 30, kadiri ulivyochagua, na ukibonyeza ndani ya muda huo inaizuia isitoke. Ikishatoka imetoka. Ingia kwenye mipangilio uweke 30, maana haina gharama yoyote. Kuirudisha barua kwa Outlook ni jambo jingine: hufanya kazi pale ambapo wewe na mpokeaji mko kwenye mfumo mmoja wa shirika moja. Kwa mtu wa nje haifanyi kitu, na mara nyingine humfikishia taarifa kwamba ulijaribu, jambo linalomfanya aisome barua kwa makini zaidi.

Ile hali ya siri ya Gmail, iliyokuja mwaka 2018, humzuia mpokeaji kusambaza au kuchapisha ujumbe na huuwekea tarehe ya mwisho. Haimzuii kupiga picha ya skrini. Na ujumbe wenyewe unabaki kwenye folda yako ya zilizotumwa hadi wewe uufute.

Basi katika nakala zote hizo, nihofie ipi?

Ningekushauri uzihofie kwa mpangilio huu. Kwanza, nakala iliyoko kwa mpokeaji, kwa sababu huna mamlaka juu yake na hujui ataelewana nawe hadi lini. Pili, nakala zilizoko ndani ya akaunti yako mwenyewe ambazo hukuzifuta, kwa sababu akaunti huibwa. Yahoo ilikiri mwaka 2017 kwamba uvamizi uliotokea mwaka 2013 uligusa akaunti zake zote zilizokuwepo, bilioni 3 kwa idadi. Tatu, vifaa vyako vya zamani. Nne, mwajiri wako, kama ulitumia anwani ya kazini. Nakala rudufu ya mtoa huduma inakuja nyuma ya hizo zote. Watu wengi huanza kuhofia kutoka chini kwenda juu, wakatumia juhudi zao zote kwenye kanda ambayo hakuna atakayeifungua, huku barua yenye picha ya pasipoti yao ikiwa imekaa wazi kwenye folda ya zilizotumwa.

Je, simu na kompyuta yangu zina nakala?

Zinazo, na namna zinavyoziweka hutegemea jinsi ulivyounganisha akaunti. Kwa njia inayoitwa IMAP, kifaa na seva huoana: ukifuta kwenye simu, seva nayo huambiwa. Hata hapo kuna hatua mbili, kwani ujumbe hutiwa kwanza alama ya kufutwa, halafu ndipo huondolewa kwa amri nyingine, na baadhi ya programu za kompyuta haziitoi amri hiyo ya pili mpaka uzielekeze. Njia ya zamani zaidi, POP, huteremsha barua hadi kwenye kompyuta na, kwa kutegemea mipangilio, huiacha seva na nakala yake au huifuta. Ukiwa na POP unaweza kufuta kwenye kompyuta yote uliyonayo na seva isijue lolote.

Programu ya Outlook ya kompyuta huweka sanduku zima la barua kwenye faili moja au mbili ndani ya diski. Faili hilo linaweza kunakiliwa kama faili jingine lolote. Niliwahi kupewa kompyuta iliyotumika ili nimtengenezee ndugu, na mwenye nayo wa awali alikuwa amefuta akaunti yake kwenye programu lakini faili lilikuwepo bado, lina barua za miaka sita: matokeo ya vipimo, mikataba, ugomvi wa ndugu juu ya mirathi. Nililifuta bila kusoma zaidi ya kile kilichonitosha kujua ni nini. Angelipata mtu mwingine, sijui angefanya nini nalo.

Kabla ya kuuza au kugawa kifaa, rudisha simu katika hali ya kiwandani, na kwenye kompyuta futa diski nzima. Kufuta faili la kawaida kwenye diski ya sahani huondoa tu anwani ya mahali lilipo, na yaliyomo hubaki hadi yaandikwe juu yake. Diski mpya za SSD, zisizo na sahani inayozunguka, hujisafisha haraka zaidi, lakini kinga ya kweli ni kuwa diski ilikuwa imesimbwa kwa siri tangu mwanzo, kwa sababu hapo kupoteza ufunguo ni kupoteza kila kitu. Usisahau pia nakala rudufu ya simu iliyoko kwenye wingu, ambayo hujitengeneza usiku bila wewe kukumbuka kwamba uliiruhusu.

Rasimu ambayo sikuituma inahesabika?

Inahesabika. Rasimu hujihifadhi kwenye seva kila unapoandika maneno machache. Yale maneno makali uliyoyaandika saa sita usiku na kuamua kutoyatuma yalifika kwa mtoa huduma. Yafute kwenye folda ya rasimu pia.

Natumia barua pepe ya kazini. Nikifuta, mwajiri anaweza kuisoma?

Anaweza, na kwa kawaida sheria iko upande wake, kwa kuwa akaunti ni yake. Msimamizi wa Google Workspace, huduma ya Google kwa mashirika, anaweza kukurejeshea barua hadi siku 25 baada ya kuondoka kwenye Tupio. Kwenye mfumo wa Microsoft wa mashirika, vilivyofutwa hukaa kwenye folda iliyofichwa kwa siku 14, na msimamizi anaweza kuongeza hadi 30. Hiyo ni hali ya kawaida. Kampuni ikiwasha utunzaji wa kumbukumbu, au wanasheria wakiamuru barua za mtu fulani zisiguswe kwa sababu ya kesi, kufuta kwako hakuondoi chochote. Kwako inatoweka, kwa msimamizi ipo. Wewe hutapata ishara yoyote kwenye skrini.

Kwa kazi nyingine kutunza ni wajibu. Nchini Marekani, kanuni za Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa zinawataka madalali wa hisa kutunza mawasiliano ya biashara yao kwa miaka 3. Mfanyakazi wao akifuta, nakala inayotakiwa na kanuni inabaki palepale.

Somo hili ni la zamani kuliko intaneti tunayoijua. Novemba 1986, kashfa ya Marekani kuiuzia Iran silaha kwa siri ilipoanza kufumuka, maofisa wa Ikulu Oliver North na John Poindexter walifuta maelfu ya jumbe kwenye mfumo wa barua wa ndani ulioitwa PROFS. Waliamini zimekwisha. Lakini mfumo ulikuwa ukinakiliwa kwenye kanda, wachunguzi wakazitoa kanda hizo, na mwaka 1987 jumbe zilizofutwa zikawa sehemu ya ushahidi. North mwenyewe alikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba walidhani kitufe cha kufuta kinafuta.

Hao walikuwa na la kuficha. Kinachonigusa zaidi ni Enron, kampuni ya nishati ya Marekani. Baada ya kampuni hiyo kufilisika, tume ya Marekani inayosimamia nishati iliweka hadharani mwaka 2003 barua pepe za wafanyakazi wake. Mkusanyo wa takriban barua nusu milioni, wa watu wapatao 150, bado unatumiwa na watafiti wa lugha na kompyuta. Ndani yake, katikati ya mambo ya biashara, kuna barua za watu kwa wake na waume zao, kuna habari za watoto, kuna mipango ya wikendi. Walioziandika walidhani wanaongea na mtu mmoja. Tumia anwani ya kazini kwa kazi peke yake. Sijui ushauri mwingine wenye faida kubwa kwa juhudi ndogo kama huu.

Je, mtoa huduma anasoma barua zangu?

Mashine zake zinazipitia, ndiyo. Bila hivyo barua taka na virusi vingekuzamisha. Gmail ilikuwa ikipitia yaliyomo ili kukuchagulia matangazo, na mwaka 2017 Google ikatangaza kuacha matumizi hayo. Kinachosahaulika ni programu za watu wengine ulizoziruhusu wewe mwenyewe. Unroll.me, iliyowasaidia watu kujiondoa kwenye barua za matangazo, ilifahamika mwaka 2017 kuwa ilichukua taarifa kutoka kwenye risiti zilizokuwa ndani ya barua za watumiaji na kuziuza bila majina, na Uber ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Watumiaji walikuwa wameiruhusu, wengi bila kujua upana wa ruhusa waliyoitoa. Programu kama hiyo ikishachota, kufuta kwako barua hakufuti kilichochotwa.

Nikitumia huduma yenye usimbaji fiche, nimesalimika?

Umesogea mbele, na ni vizuri kujua umefika wapi. Watoa huduma wengi husimba barua inapokuwa njiani kati ya seva na seva, ili anayenasa mawasiliano asiisome. Hiyo haimzuii mtoa huduma mwenyewe. Usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho ni kitu tofauti: ni wewe na mpokeaji tu mnaoweza kufungua. Phil Zimmermann alitoa programu ya PGP kwa umma mwaka 1991, na huduma kama Proton Mail, iliyoanza mwaka 2014, na Tuta zimeifanya kazi hiyo iwe rahisi kwa mtu wa kawaida. Hapa nakala rudufu haitishi tena, kwa sababu iliyomo ni barua iliyofungwa na ufunguo ambao mtoa huduma hana.

Mipaka ipo. Ukimwandikia kwa njia ya kawaida mtu anayetumia huduma isiyo na usimbaji huo, nakala yake iko wazi kwa mtoa huduma wake. Proton haisimbi kichwa cha barua kwa mwisho hadi mwisho, basi usiandike siri hapo. Na anayekuandikia, saa, na anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti) ni habari zinazoweza kubaki nje ya kufuli. Mwaka 2021 Proton ililazimishwa na amri ya kisheria ya Uswisi kuanza kurekodi anwani ya IP ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa na kuikabidhi. Yaliyomo kwenye barua zake hawakuweza kuyafungua. Mwaka 2013 Ladar Levison, mwenye huduma ya barua pepe ya Lavabit aliyokuwa akiitumia Edward Snowden, mfichuaji wa siri za upelelezi wa Marekani, alitakiwa na serikali ya Marekani kutoa funguo ambazo zingefungua mawasiliano ya wateja wake wote, akaamua kuifunga huduma nzima. Nawaheshimu walioweka mfumo wao hivi kwamba hawana cha kukabidhi. Ahadi ya kutosoma ni nzuri, lakini kutoweza kusoma ni bora zaidi.

Kuhusu barua ya iCloud, swali hili huja mara kwa mara: hapana, haisimbwi mwisho hadi mwisho, hata ukiwasha ulinzi wa juu wa data ambao Apple iliuleta mwaka 2022.

Polisi wanaweza kuomba barua niliyoifuta?

Wanaweza kuomba kilichopo. Huduma nyingi kubwa ziko Marekani, hivyo sheria ya huko ya mwaka 1986 juu ya mawasiliano yaliyohifadhiwa inagusa watu wa dunia nzima. Iliandikwa wakati nafasi ya diski ilikuwa ghali, ikachukulia kwamba barua iliyoachwa kwenye seva zaidi ya siku 180 imetelekezwa na haihitaji hati ya upekuzi. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa, katika shauri la Warshak, iliamua kwamba serikali haiwezi kumlazimisha mtoa huduma kutoa barua za mtu bila hati, za zamani au mpya, na watoa huduma wakubwa wamelishika hilo.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba serikali inaweza kumtaka mtoa huduma ahifadhi nakala ya akaunti kama ilivyo kwa siku 90, na kuongeza 90 nyingine, wakati inatafuta hati. Ukifuta baada ya hapo, nakala ile imekwisha wekwa kando. Na kama unajua uchunguzi au kesi inakuja, usifute kabisa. Kuharibu ushahidi ni kosa lenyewe katika nchi nyingi, na mara nyingi huwa zito kuliko lile ulilotaka kulificha. Tafuta mwanasheria.

Sheria inanipa haki ya kulazimisha kufutwa?

Katika Umoja wa Ulaya, ndiyo. Kifungu cha 17 cha kanuni ya ulinzi wa data, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, kinatoa haki ya kufutiwa, na kampuni hutakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Haki hizi zina mipaka, hasa pale sheria nyingine inapodai kumbukumbu zitunzwe, na hazikupi nguvu ya kuingia kwenye sanduku la rafiki yako ukafute.

Nikifunga akaunti yote je?

Kufunga huanzisha saa. Microsoft hukupa uchague siku 30 au 60 za kubadili nia kabla ya kufuta. Google nayo, tangu Desemba 2023, huweza kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka 2.

Lakini usifunge kwa hasira. Anwani yako ndiyo ufunguo wa kubadilisha nenosiri la huduma nyingine zote ulizojiandikisha nazo. Google haimpi mtu mwingine anwani ya Gmail iliyofutwa. Wengine wamefanya tofauti: mwaka 2013 Yahoo iligawa upya majina ya akaunti zilizolala, na baadhi ya waliopewa wakaanza kupokea barua za wenye majina wa zamani. Kama anwani yako iko kwenye kikoa chako mwenyewe, yaani jina la intaneti unalolilipia, kukiacha kiishe muda ni hatari zaidi, kwa kuwa atakayekinunua atapokea kila kitakachotumwa kwako. Hamisha kwanza huduma zote kwenye anwani mpya, subiri miezi kadhaa, ndipo ufunge.

Nina saa moja leo. Nianzie wapi?

Anza na mipangilio ya kupeleka barua kwingine. Kama kuna anwani usiyoijua inayopokea nakala ya kila kinachoingia, iwe iliwekwa na mwizi au na mtu mliyewahi kuishi naye, kufuta kwako kote hakuna maana, kwa sababu nakala zimeshatoka. Iondoe, badilisha nenosiri, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha fungua orodha ya programu zenye ruhusa ya kuingia kwenye akaunti na uondoe zote usizozitumia. Baada ya hapo tumia kisanduku cha kutafuta ndani ya barua zako: andika “nenosiri”, “pasipoti”, “kitambulisho”, “akaunti ya benki”, na maneno hayohayo kwa lugha nyingine unazoandikia. Utashangaa. Futa unachokipata, halafu lisafishe Tupio.

Ratiba za watoa huduma huanza kuhesabu siku ile unayofuta. Barua ya mwaka 2012 ambayo hujaifuta bado haijaanza hata siku yake ya kwanza.

Nilimtumia mtu nenosiri na picha ya kitambulisho miaka mingi iliyopita. Nimechelewa?

Kwa nenosiri, hapana. Libadilishe leo, na kila nakala ya lile la zamani, popote ilipo, inakuwa haifungui kitu. Kitambulisho huwezi kukibadilisha kwa urahisi huo. Kifute kwenye zilizotumwa na kwenye Tupio, kisha mwandikie uliyemtumia umwombe naye akifute pande zote mbili, kwa maneno ya kawaida tu: “Nilikutumia picha ya kitambulisho changu, tafadhali ifute pamoja na kwenye Tupio.” Wengi hukubali. Wengine hujibu kwamba walikuwa wameshasahau kabisa kwamba wanayo.